Shajara ya kuteua juri: kesi ya Mzee na lori, Jimbo la Washington

13 Januari 2025: Ada imelipwa

Leo ofisi yetu imelipa dola 250 kwa karani wa mahakama ili kesi ya Mzee isikilizwe mbele ya juri ya watu 12, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi. Juri ya watu sita ingetugharimu dola 125, nami ndiyo niliyoipendekeza, kwa kuwa sisi ni watu watatu tu: wakili mkuu, mimi na msaidizi wa sheria. Wakili mkuu alikataa. Katika kesi za madai za jimbo hili hauhitajiki umoja wa wote. Watu 10 kati ya 12 wakikubaliana, uamuzi umepatikana. Hoja yake ni kwamba katika chumba cha watu sita mwenye sauti nene mmoja huwaburuta wenzake wote, ilhali 12 huwa na nafasi ya kujibizana.

Mzee ni mkimbizi kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo. Aligongwa na lori la mizigo katika kivuko cha waenda kwa miguu kusini mwa Seattle, na upande wa utetezi unadai kwamba aliingia barabarani ghafla. Atatoa ushahidi kwa Kiswahili kupitia mkalimani. Baadhi ya maelezo nimeyabadilisha kwa idhini yake, na shajara hii ninaiandika kwa ajili ya mawakili vijana na wasaidizi wa sheria wa kwetu walioajiriwa katika ofisi za Marekani, ambao chuoni walifundishwa sheria ya juri lakini hawakufundishwa kazi yenyewe.

Neno moja kabla ya kuendelea. Magazeti yetu huwaita watu hawa wazee wa baraza, na jina hilo hupotosha kidogo, kwa sababu wazee wa baraza waliokaa na jaji katika mahakama za Tanzania na Kenya walitoa maoni tu na jaji hakufungwa nayo. Hapa juri ndiyo inayoamua nani asadikiwe na alipwe kiasi gani.

Aidha, uteuzi wenyewe si uteuzi. Kwa utaratibu unaotumika sana hapa, watu wote walioitwa huhojiwa pamoja, kila mmoja akiwa na nambari yake. Jaji huwaondoa wenye udhuru mzito, halafu wale ambao upendeleo wao umedhihirika, kisha kila upande hupewa mapingamizi matatu yasiyohitaji kutolewa sababu. Waliosalia wenye nambari ndogo ndio hukaa. Wakili hamchagui mtu. Anachoweza ni kutikisa chekeche, na juri ni wale waliobaki juu yake. Mwenye nambari 43 huenda asikaribie kiti kamwe, kwa hiyo muda wetu tutautumia kwa nambari 25 za mwanzo.

27 Januari 2025: Maswali ya kwanza yametupwa

Niliandika maswali 31. Wakili mkuu aliyasoma akiwa amesimama, akayarudisha mezani, akaniambia nimwulize yeye swali la nne kama vile yeye ni mjumbe wa juri. Nikamwuliza: "Je, unaweza kuwa mwadilifu kwa mtu asiyejua Kiingereza?" Akajibu: "Naam." Kisha akanyamaza, akinitazama.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na nimeliona baadaye katika orodha za mawakili wengi. Hakuna binadamu atakayeinuka mbele ya jaji na watu 40 asiowajua akatangaza kwamba yeye si mwadilifu. Swali la namna hiyo humfanya mtu ajisifu, nawe hujapata habari yoyote.

Marekebisho yalichukua siku tatu. Sasa kila swali linaweka njia mbili, zote zikiwa za heshima, na ile isiyotufaa inatajwa kwanza ili mtu asione haya kuipita. Mfano: "Wako watu wanaoona kwamba aliyeishi Marekani miaka 10 alipaswa kuwa amejifunza Kiingereza cha kutosha kujieleza mwenyewe. Wako wengine wanaoona hilo halihusiani na kesi. Wewe uko karibu zaidi na upande upi, hata kama ni kwa kiasi kidogo tu?" Maneno "kwa kiasi kidogo tu" ndiyo yanayofungua mdomo. Kati ya maswali 31 yamebaki tisa.

8 Februari 2025: Jaribio la kwanza, dola 140 za biriani

Mshauri wa mambo ya juri tuliyempigia simu alitutajia dola 12,000. Tukamshukuru. Badala yake niliwakusanya watu tisa katika ukumbi wa kanisa ambao tunautumia bila malipo, nikawasimulia kesi kwa pande zote mbili, nikawaacha wajadiliane. Wote tisa walimpa Mzee ushindi, na wawili walilia.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo leo ninaionea aibu. Watu hao tisa walikuwa ni marafiki wa marafiki zangu. Sita kati yao ni wahamiaji, na wanne waliwahi kuhitaji mkalimani. Juri halisi hutokana na orodha za wapiga kura na za wenye leseni za udereva au vitambulisho vya jimbo, na mjumbe ni lazima awe raia wa Marekani mwenye kuweza kuwasiliana kwa Kiingereza. Kwa kifupi, nilikuwa nimempikia mwamuzi kabla ya mechi.

22 Februari 2025: Jaribio la pili, dola 1,440

Safari hii tulitangaza kibarua cha jioni moja: watu 10 wasiotufahamu, kila mmoja dola 120, ukumbi dola 180, tangazo dola 60. Tuliwaonyesha dakika 12 za video ya ushahidi ambao Mzee aliutoa kwa kiapo mwaka jana katika ofisi ya mawakili wa utetezi.

Walituumiza, na ndicho tulichokilipia. Watatu walisema hawatatoa senti kwa ajili ya maumivu, hata wakiamini kwamba dereva alikosea. Gharama za hospitali watalipa, ila maumivu ni sehemu ya maisha. Jambo hilo tulilitarajia. Tusilolitarajia ni hili: mwanzoni mwa video, kabla ya kuapishwa, Mzee anamwambia mpiga picha "thank you, thank you, okay". Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi karibu na dirisha akasimamisha kalamu yake, akasema: "Mbona anajua Kiingereza? Anaficha nini?" Kuanzia hapo chumba kizima kikageuka, na kila jibu lililopitia kwa mkalimani likawa kwao ni muda wa kutunga uongo.

La pili lilikuwa baya zaidi. Dereva wa lori ni mwanamke. Katika video Mzee anasema, kwa Kiswahili cha kwao, kwamba mutuka ilikuya mbio (yaani gari lilikuja kwa kasi) na kwamba dereva "aliniona". Mkalimani, ambaye bila shaka alikulia pwani kama mimi, alisitasita kwenye "mutuka", kisha akatafsiri kwamba dereva alimwona, akitumia kiwakilishi cha mwanamume. Kiswahili hakijali, "a-" hubeba wote. Kiingereza kinalazimisha kuchagua, naye akachagua vibaya. Watu wanne kati ya 10 waliandika kwamba Mzee hakumwona dereva kabisa, kwa kuwa hata jinsia yake hakuijua.

Tumemlipa mkalimani wa pili dola 420 aisikilize kanda nzima na kuandika masahihisho yenye kiapo. Hilo linatengeneza ushahidi. Halitengenezi mioyo ya watu, na hapo ndipo maswali ya uteuzi yalipopata kazi mpya: tutawaambia wajumbe mapema kwamba Mzee anajua maneno machache ya Kiingereza ya kushukuru na kununulia mkate, kisha tutawauliza nani kati yao aliwahi kufika nchi ya kigeni akiwa na maneno 20 mfukoni, na kama angekubali kuapa kwa maneno hayo.

10 Machi 2025: Kosa la mtandaoni

Nilifanya mazoezi ya kuwatafuta wajumbe mtandaoni kwa kutumia orodha ya majina ya juri ya kesi ya zamani ya ofisi. Nilikuwa nimeingia kwa akaunti yangu ya mtandao mmoja wa wanataaluma, na mtandao huo humwarifu mtu kila anapotazamwa. Jioni mmoja wao akaniandikia kuuliza kama tunafahamiana.

Lau angekuwa mjumbe wa kesi iliyo mahakamani, ningekuwa nimetumbukia katika eneo la hatari. Chama cha Wanasheria wa Marekani, katika Maoni Rasmi nambari 466 ya mwaka 2014, kinaruhusu wakili kuangalia kile ambacho mjumbe amekiweka wazi kwa umma, lakini kinakataza kumwomba urafiki au ruhusa ya kuona yaliyofichwa, iwe kwa mkono wako au kwa mkono wa msaidizi wako. Maoni hayo yanasema kwamba taarifa inayotumwa na mtandao wenyewe si mawasiliano ya wakili. Hata hivyo mjumbe anayehisi kuchunguzwa huja na kinyongo, na kinyongo hakisomi maoni rasmi. Kanuni yetu tangu leo ni kwamba anayetafuta hutafuta akiwa ametoka kwenye akaunti zote, wala habonyezi kitu chochote isipokuwa kusogeza ukurasa.

21 Machi 2025: Mazoezi kwa saa ya kuhesabia

Tulifanya mazoezi mara tatu. Katika la kwanza msaidizi wetu alipima muda: kati ya dakika 20 nilizungumza 14. Nilikuwa ninafafanua maswali, ninatoa mifano, na kila jibu ninalishukuru kwa sentensi mbili. Katika la tatu nilizungumza dakika saba, na jambo lililosaidia ni dogo mno: baada ya jibu, ninahesabu kimyakimya hadi tatu kabla ya kufungua mdomo. Mara nyingi mtu huongeza sentensi ya pili, na hiyo ya pili ndiyo ya kweli.

Ramani ya viti tuliitengeneza kwa vikaratasi vya kunata kwenye jalada kubwa (dola 38 pamoja na uchapishaji). Ikafeli papo hapo. Tangu janga la korona mahojiano mengi ya kesi za madai katika kaunti yetu hufanywa kwa Zoom, na visanduku vya nyuso huhamahama kila mtu mmoja anapokatika na kurudi, hivyo ramani ya viti haina viti. Sasa tunafuata nambari inayoonekana kando ya jina, na kila nambari ina ukurasa wake katika daftari. Mimi ninauliza, wakili mkuu anatazama nyuso, msaidizi anaandika maneno ya mtu kama yalivyotoka kinywani, bila kuyafupisha. (Ninaongeza baadaye: umuhimu wa hili la mwisho niliuelewa tarehe 2 Aprili, kwa gharama.)

31 Machi 2025: Orodha na hojaji

Tumepokea majina 45 na hojaji zao. Wenye udhuru wameanza kuondoka, na ukiwatazama unaona malipo ya mjumbe yanavyochuja watu kabla wakili hajasema neno: kaunti inalipa dola 10 kwa siku. Anayelipwa kwa saa, na aliye peke yake na mtoto mchanga, huomba ruhusa na mara nyingi hupewa. Tisa wameruhusiwa. Dereva wa mabasi na mpishi, ambao tuliwatamani, wamo humo.

Nambari 22 ni muuguzi. Penye swali la lugha nyingine ameandika: Kiswahili cha kuzaliwa, Mombasa.

Wakili mkuu alifurahi. Mimi nilinyamaza, kisha nikasema kwamba huenda tukahitaji kumwondoa sisi wenyewe. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wa kuwasahihisha wenzetu. Mara ya kwanza nilipomsikia Mzee akisema "batu" badala ya watu, kitu fulani ndani yangu kilimsahihisha kabla ya kumsikiliza, na mimi ni wakili wake. Je, muuguzi huyu atayasikia maumivu au atazisikia irabu? Tulibishana hadi jioni. Mwishoni tukakubaliana kumwuliza yeye, badala ya kukisia kutokana na alikozaliwa. Kwani kumkwepa mtu kwa sababu ya asili yake ni dhambi ileile tuliyokuwa tukijiandaa kuwashtakia wenzetu.

2 Aprili 2025: Mahojiano

Nyuso 36 kwenye kioo. Mmoja yuko ndani ya gari lililoegeshwa, mwingine ana paka begani. Jaji alieleza kesi, akauliza maswali yake, akatupa kila upande dakika 20 kwa mzunguko.

Nambari 14 alijibu swali la mkalimani kwa uwazi: angepata shida kuamini maneno yaliyopita katika vinywa viwili. Nikamshukuru kwa ukweli wake, nikaenda kwa nambari 15. Hilo ndilo kosa kubwa la mradi huu wote. Wakili wa utetezi alipopata zamu alimrudia akamwuliza swali moja: kama jaji atakuagiza umpime shahidi huyu kama mwingine yeyote, utatii? Akajibu ndiyo, nani angejibu hapana? Nilipoomba aondolewe kwa upendeleo, jaji alikataa, akasema, na kwa haki, kwamba kumbukumbu za mahakama zinaonyesha shida iliyotajwa kisha ikatatuliwa. Tukalazimika kumtumilia pingamizi moja kati ya matatu tuliyo nayo.

Mzunguko wa pili nambari 19 alisema jambo linalofanana, kwamba mtu anayetumia mkalimani angetakiwa kuleta ushahidi zaidi. Safari hii sikuondoka. Niliomba msaidizi anisomee maneno yake, nikamrudishia yalivyo. Nikamwuliza ameona hivyo kwa muda gani; akasema tangu alipofanya kazi ghalani na watu wa lugha nyingi. Nikamwuliza kama ina maana kwamba Mzee anaanza nyuma ya mstari. Akafikiri, nikahesabu hadi tatu, akasema: "Kidogo, ndiyo." Ndipo nikaliuliza mwenyewe swali la utetezi, kabla yao: jaji akikuagiza usifanye hivyo, je, hisia hiyo itaondoka au itabaki umeikalia? Akasema itabaki. Nilimwuliza bila ukali, kwa sababu wale 35 wengine walikuwa wanatazama jinsi tunavyomtendea mtu aliyesema kweli. Jaji alimwondoa bila mjadala.

Nambari 22 nilimwuliza kwa Kiingereza, kama inavyopasa, atafanya nini akisikia mkalimani amesema jambo lisilolingana na alilosikia yeye. Alijibu kwamba wodini hutumia wakalimani wa simu kila siku, na akisikia kosa humweleza mwenye dhamana, hamnong'onezi mgonjwa wa kitanda cha pili. Hapa angemwandikia jaji. Wakili mkuu aliandika nyota mbili kwenye daftari.

3 Aprili 2025: Mapingamizi

Utetezi ulitumia pingamizi lake la kwanza kwa nambari 22.

Historia ya sheria inayozuia mapingamizi ya kibaguzi ni fupi. Mwaka 1986, katika kesi ya Batson v. Kentucky, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza mwendesha mashtaka kuondoa wajumbe kwa sababu ya rangi yao. Mwaka 1991 Edmonson v. Leesville Concrete ikaipeleka kanuni hiyo kwenye kesi za madai. Lakini mwaka huohuo, katika Hernandez v. New York, mahakama hiyo iliruhusu kuondolewa kwa wajumbe wanaojua Kihispania, kwa maelezo kwamba huenda wasiifuate tafsiri ya mkalimani. Kwa sheria hiyo peke yake tungeshindwa, kwa sababu anayelalamikia pingamizi alipaswa kuthibitisha dhamira ya ubaguzi, na dhamira haionekani kwenye Zoom.

Jimbo la Washington lilipitisha kanuni yake mwaka 2018, nayo ni Kanuni ya Jumla ya 37. Hapa dhamira haitafutwi. Jaji hujiuliza kama mtazamaji huru, anayeijua historia ya ubaguzi, angeweza kuona kwamba rangi au kabila ni sehemu ya sababu. Kanuni inataja pia visingizio ambavyo huchukuliwa kuwa batili mpaka ithibitishwe vinginevyo, kikiwamo kwamba Kiingereza si lugha ya kuzaliwa ya mjumbe.

Nilitaja kanuni kwa nambari tu. Wajumbe wakahamishiwa chumba cha kusubiria. Wakili wa utetezi alieleza hofu ya tafsiri, kwa utulivu na kwa heshima, akiisogelea Hernandez. Tulijibu kwa maneno ya muuguzi mwenyewe, yaliyoandikwa neno kwa neno. Jaji aliyasoma mara mbili, akalikataa pingamizi, akasema atawaagiza wajumbe wote, nambari 22 akiwemo, kuufuata ushahidi kama unavyotafsiriwa.

Mengine yalikwenda haraka. Sisi tulimwondoa 14, na wawili kati ya wajumbe watatu ambao, kama wale wa jaribio la pili, hawakuwa tayari kulipia maumivu. Wa tatu wa kundi hilo, nambari 9, amebaki, na kama 14 angeondolewa kwa upendeleo jana, leo tungekuwa na pingamizi la kumtoa. Watu 12 na mmoja wa akiba wameapishwa. Jumla ya matumizi hadi leo ni dola 2,288, bila kuhesabu saa zetu.

7 Aprili 2025: Kabla ya shahidi wa kwanza

Saa tatu asubuhi, wajumbe wakiwa wanasubiri katika chumba chao mahakamani, mjini Kent, wakili wa utetezi aliniomba tutoke koridoni. Kiasi alichokitaja siruhusiwi kukiandika. Mzee alisikiliza, akaniuliza: "Mwanangu, na hawa batu walikuya bure?" Nikamwambia ni uamuzi wake. Alitafakari hadi saa nne, akakubali. Kwa hiyo sitajua kama nambari 9 angetuangusha, wala kama zile nyota mbili zilikuwa mahali pake.

Jaji aliwaita wajumbe, akawashukuru, akawafungua kiapo. Walipokuwa wakitoka, nambari 22 alisimama mbele ya kiti cha Mzee, beji yake ya karatasi ikiwa bado kifuani. "Shikamoo, baba," alimwambia. "Pole kwa mguu."

Mzee akampokea mkono kwa mikono yake miwili. "Aksanti, mama. Sasa ninatembeya."

Muuguzi hakumsahihisha.